Dakika Tatu za Barcelona

Wako watu wasemao ya kuwa haimpasi mwalimu wa Kikristo kujishughulisha na mpira wa Ulaya, kwani wachezaji wale hawamjui wala hawatamjua kamwe. Maneno hayo hatuyabishi. Lakini twataka kuwaeleza habari za usiku mmoja, yaani Jumatano tarehe 26 Mei 1999, ambao hata leo tukiukumbuka twaona furaha na haya pamoja.

Timu yetu ni Manchester United ya Uingereza. Tuliipenda kwa masikio kabla hatujaiona kwa macho, kwa sababu ya hadithi aliyotusimulia mwalimu wetu mzee tulipokuwa wanafunzi: jinsi eropleni iliyowachukua wachezaji, wakitoka Belgrade, ilivyoanguka Munich tarehe 6 Februari 1958 ilipokuwa ikijaribu kuruka penye theluji. Watu 23 walikufa, na katika hao wachezaji 8. Mkuu wao, Matt Busby, alilala hospitali baina ya uzima na mauti. Akapona, akaijenga timu upya, na mwaka 1968 akalitwaa Kombe la Ulaya kwa kuwashinda Benfica 4 kwa 1. Tangu hapo miaka 31 ikapita, kombe lisirudi.

Basi mwaka ule wa 1999 timu yetu ilikwisha kuutwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza na Kombe la FA, ikabaki mechi moja tu, pale Barcelona. Na adui alikuwa nani? Bayern Munich! Tena siku yenyewe, kama Busby angalikuwa hai, angalitimiza miaka 90.

Hapa misioni televisheni ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Bruda seremala, yule aliyeezeka darasa zetu na kutengeneza madawati yetu. Naye Bruda ni mzaliwa wa Bavaria, mtu wa Bayern tangu utoto wake. Alitualika sisi walimu kwa moyo mweupe, akatuahidi na soda. Sisi tukamlipa nini? Juma zima tulimtania kila tupitapo penye karakana yake, na siku moja, twaona haya kuandika, tulimwambia, "Bruda, vijana wetu walikufa kwenu Munich, Jumatano tutalipa kisasi." Akaweka randa chini, akajibu polepole, "Walimu, waliokufa waliuawa na theluji. Waliopona walipona mikononi mwa waganga wetu. Huyo Busby wenu nani alimwuguza?" Kisha akaendelea kuranda ubao wake. Nasi tukaenda zetu tukicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Mechi ilianza saa 3.45 usiku kwa saa za kwetu. Dakika ya 6 Mario Basler alipiga mpira wa adhabu, ukapita chini chini kando ya ukuta wa wachezaji, ukaingia golini, na mlinda mlango wetu Schmeichel amesimama kama nguzo. Bruda hakupiga kelele, alisema tu, "Poleni, walimu."

Tangu hapo hatukucheza mpira wa maana, na kweli ni vema isemwe. Keane na Scholes walikuwa wamefungiwa, na katikati ya uwanja palikuwa kama nyumba isiyo na nguzo. Bayern walitawala. Scholl aliubetua mpira ukagonga mlingoti; baadaye Jancker akaupiga kwa tikitaka ukagonga mtambaapanya. Hapo mwalimu mwenzetu mmoja akainuka, akasema kesho ni zamu yake ya kupiga kengele, akashika taa yake akaenda kulala. (Baadaye alitueleza ya kuwa alipokuwa njiani alisikia mayowe yetu, akadhani mtu ameumwa na nyoka.)

Dakika 90 zikatimia. Mwamuzi, Collina wa Italia, akaongeza 3. Tukapata kona, na Schmeichel akaliacha goli lake tupu akakimbia kwenda mbele, kama mtu anayeiacha nyumba yake ikiungua ili akazime moto wa jirani. Beckham akapiga. Mpira ukaondolewa vibaya, ukamfikia Giggs, naye akaupiga pasipo nguvu. Sheringham, aliyekuwa ameingia kipindi cha pili, akauelekeza wavuni. Moja kwa moja! Hata hatujapata kuketi, kona nyingine: Beckham tena, Sheringham kwa kichwa, na Solskjær, naye aliingia zikiwa zimebaki kama dakika kumi tu, akanyosha mguu, mpira ukapaa juu ya wavu.

Jinsi tulivyofanya hatuwezi kueleza vizuri. Kigoda kilipinduka, soda ikamwagika sakafuni, walimu wazima wakakumbatiana kama watoto waliopewa likizo. Kisha televisheni ikamwonyesha Samuel Kuffour, kijana wa Ghana, mlinzi wa Bayern. Alikuwa chini, akiupiga uwanja kwa ngumi na kulia, na Collina akimwinua kwa maana mchezo haujesha. Kelele zetu zikapungua zenyewe. Tukageuka kumtazama Bruda, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Tulitoka nje kumtafuta. Mwezi wa Mei hapa kwetu baridi ni kali usiku. Tulimkuta nyuma ya nyumba, karibu na jenereta, amejifunika koti lake, ameketi juu ya gogo. Tulitaka kusema neno, tusilipate. Yeye ndiye aliyeuliza, "Mmekwisha kuliona kombe, walimu? Nizime?"

Tukamjibu, "Bado, Bruda."

"Basi nendeni mkatazame. Mafuta yatatosha. Nitangoja."

Nasi tukarudi ndani, tukalitazama Schmeichel na Ferguson walipoliinua pamoja, na ngurumo ya jenereta ikisikika dirishani muda wote ule.

Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Mei 2001, Bayern walicheza tena fainali, Milan, na Valencia ya Hispania. Kuffour alikuwamo. Safari hii hatukungoja kualikwa, na soda tulinunua wenyewe. Mechi ilikwenda hata penalti, na Bruda hakuweza kutazama, alifumba macho akatuuliza kila mara, "Imeingia?" Nasi tukamwambia. Bayern waliposhinda alilia mbele yetu pasipo kuona haya. Na alipokwisha kuliona kombe lake, sisi ndio tuliotoka kwenda kuzima jenereta.