Mbwa Wetu Alipokojoa Damu

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili moja, mwezi Oktoba mwaka 2022, majira ambayo Dodoma huwa imekauka kama ngozi iliyowambwa, na vumbi huingia hadi ndani ya masanduku ya nguo. Nilikuwa nikifagia ua wa nyumba yetu kule Nkuhungu nilipoona matone mekundu juu ya saruji, yakifuatana kutoka kwenye banda la mbwa hadi langoni. Kwanza nilidhani mbwa amekanyaga chupa. Nilimkagua miguu yote minne, sikuona jeraha. Kisha nikamwona akichuchumaa, akikaza mwili, akitoa tone moja tu la mkojo. Akasogea hatua mbili, akachuchumaa tena. Tone lile lilikuwa na damu.

Mbwa huyo anaitwa Popi. Ni jike, nasi tulimpata akiwa mtoto mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya kazi kunileta Dodoma pamoja na watumishi wengine wengi waliohamia makao makuu. Tulimchukua kwa ajili ya ulinzi, tukamtunza kama wengi wetu tuwatunzavyo mbwa: mchana kutwa amefungwa kwa mnyororo, usiku amefunguliwa, chakula chake ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, maji yake ni yale yaliyobaki baada ya binadamu kumaliza haja zao. Na katika mji unaotegemea zaidi visima virefu vya Mzakwe, ambako kila familia imezoea kupanga madumu kusubiri zamu ya maji, si ajabu yasibaki.

Hapa yanipasa kuungama kosa langu, maana nisipoungama makala haya hayatakuwa na faida kwa mtu. Ndani ya kabati yetu kulikuwa na kapsuli za amoksilini. Binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, aliandikiwa dawa hizo miezi miwili nyuma alipopatwa na maumivu wakati wa kukojoa. Siku ya tatu alipata nafuu, akarudi uwanjani kucheza rede na wenzake, nasi tukaziweka kando zilizosalia tukiamini kwamba tunaweka akiba. Nilipomwona Popi katika hali ile nilijisemea: ugonjwa ni ule ule, basi na dawa ni ile ile. Nikazifungua kapsuli, nikamwaga unga wake katika ugali. Kwa siku mbili Popi alichangamka, nami nikajiona tabibu. Dawa zikaisha. Wiki mbili hazikupita, matone yakarudi, na safari hii hata chakula alikikataa.

Jirani yetu, mzee wa Kigogo aliyekua kati ya ng'ombe na mbwa wa kuwalinda, alipita kunijulia hali. Alisimama kando ya banda, akanusa, akatikisa kichwa. "Mwanangu," aliniambia, "mkojo huu umelala ndani siku nyingi. Sisi kule kijijini mbwa hatumfungi mchana kutwa. Mbwa hutembea na ng'ombe, akabanwa hukojoa, akiona kiu hunywa lamboni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, usimchezee."

Daktari tuliyemwendea alikuwa mwanamke kijana, mpole wa maneno lakini si mwepesi wa kudanganywa. Kabla hajamgusa mbwa aliniuliza, "Baba, umempa dawa yoyote?" Nilipomweleza, hakunigombeza. Aliandika tu katika daftari lake, nami nikaona aibu kuliko kama angenigombeza. Kisha akampapasa Popi tumboni, akamlaza ubavu, akasafisha ngozi, akachoma sindano nyembamba moja kwa moja hadi kwenye kibofu, akavuta mkojo kidogo. Nilishtuka. Akanieleza kwamba mkojo uliokingwa chini huokota vijidudu vya ardhini, vya manyoya na vya njiani, lakini mkojo uliotolewa ndani ya kibofu hausingiziwi: kitakachoota humo ndicho kilichomo.

Nilidhani kwamba ugonjwa wa njia ya mkojo una mdudu mmoja maalumu. La hasha. Wanaousababisha ni kundi la bakteria, na wengi wao si wageni bali ni wenyeji wa mwili wa mbwa mwenyewe. Mkubwa wao ni Escherichia coli, ambaye peke yake hupatikana katika thuluthi moja hadi nusu ya mbwa wenye ugonjwa huu. Jina lake linatokana na Theodor Escherich, daktari wa watoto wa Kijerumani, aliyemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1885 baada ya kumkuta katika vinyesi vya watoto wachanga. Utumboni huishi kwa amani, kwa mbwa na kwa binadamu vilevile. Taabu huanza anapotoka kwenye kinyesi, akapanda katika mrija wa mkojo na kufika kibofuni. Baadhi ya jamii zake zina vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, navyo hutumia vinyweleo hivyo kujing'ang'aniza kwenye ukuta wa kibofu ili mkojo usiwakokote nje.

Wenzake ni Staphylococcus, ambaye makazi yake ni ngozi na pua ya mbwa, Klebsiella, Enterococcus, na Proteus. Huyu wa mwisho alipewa jina la mungu wa baharini katika hadithi za Wayunani, aliyekuwa akijigeuza maumbo. Hila yake ni kwamba huivunja urea iliyomo katika mkojo na kutoa amonia, hata mkojo ukapoteza asidi yake, na chumvi zilizoyeyuka zikaanza kugandamana kuwa mawe. Baadhi ya Staphylococcus nao wana hila hiyo hiyo. Ndiyo sababu mbwa aliyeachwa na maambukizo kwa muda mrefu huweza kufunguliwa kibofu na kukutwa na mawe kama kokoto za mtoni. Tena maambukizo yakipanda juu, huingia figoni, na hapo ndipo uhai wenyewe huwa hatarini.

Majike huugua zaidi kuliko madume, kwa kuwa mrija wao wa mkojo ni mfupi na mpana, na mlango wake u karibu na njia ya haja kubwa. Lakini kinga kubwa ya mbwa ni mkojo wenyewe: kila akojoapo, bakteria waliojipenyeza husombwa nje kama takataka katika mfereji wakati wa mvua. Mnyime maji, mkojo huwa mchache. Mfunge mahali anapolala, naye hujizuia kutwa nzima, kwa maana mbwa huchukia kuchafua malazi yake. Bakteria kama hao, wakipata joto na lishe, huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa dakika ishirini. Ndugu msomaji, fanya hesabu mwenyewe tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni.

Mkojo wa Popi ulipelekwa maabara. Watu wa nyanda za kati hatuna sababu ya kuiona elimu hii kuwa ngeni: Mpwapwa, katika mkoa huu huu wa Dodoma, ilijengwa maabara ya mifugo na serikali ya Kijerumani mwaka 1905. Kazi ya mafundi wa maabara katika jambo hili ni rahisi kuieleza. Mkojo hupakwa juu ya sahani yenye lishe, ukawekwa katika joto la nyuzi 37 usiku kucha, na bakteria wakiota hutambuliwa. Kisha hupakwa upya kwenye sahani nyingine, na juu yake huwekwa vijikaratasi vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayofaa huacha duara tupu kukizunguka kijikaratasi, kwa kuwa bakteria hawakuthubutu kuota hapo. Dawa iliyoshindwa huzungukwa nao hadi ukingoni.

Siku ya nne daktari aliniita. Alikuwa Escherichia coli, na kijikaratasi cha amoksilini kilikuwa kimezungukwa pande zote. Jioni ile nilimsimulia mke wangu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Na dawa za mtoto zilibaki kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Siwezi kusema bakteria wa Popi walijifunza usugu kutokana na zile kapsuli zangu chache. Huenda alikuwa nao tangu zamani. Lakini daktari alinieleza kwamba dawa iliyotolewa kwa kubahatisha, kwa kipimo kisichojulikana, huua walio dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu. Na watafiti katika nchi mbalimbali wameonyesha kwamba mbwa na wenye mbwa wanaoishi nyumba moja huweza kukutwa na Escherichia coli wa ukoo mmoja. Mtoto humkumbatia mbwa, mbwa humlamba mtoto, na wote hukanyaga ua mmoja. Tanzania ilitoa mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, ukiwahusu binadamu na mifugo pamoja. Nilikuwa nimeusikia redioni. Sikujua kwamba unahusu kabati yangu.

Popi alipimwa uzito, akaandikiwa dawa nyingine kwa kilo zake na kwa siku zilizohesabiwa, nasi tukazitimiza zote. Daktari alitukataza pia kumpa dawa za maumivu za binadamu, kwani ibuprofeni, ambayo sisi tunaimeza bila kufikiri, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Mkojo ulipopimwa tena, haukuota kitu.

Nyumbani tumebadili mambo matatu. Beseni la maji la Popi hujazwa asubuhi na jioni, hata siku za mgao, na kazi hiyo ni ya binti yetu, ambaye hunawa mikono kwa sabuni kila amalizapo. Mnyororo umeondolewa, tumemzungushia uzio wa miti upande wa nyuma, atembee na kukojoa apendapo. Na dawa za mgonjwa yeyote hutumiwa kama zilivyoandikwa hadi mwisho. Hatuna tena akiba ya vidonge.

Ndugu msomaji, ukiwa na mbwa, jioni ya leo mtazame akikojoa. Ukimwona anachuchumaa mara nyingi kwa tone moja moja, au ukaona wekundu, usiende kabatini. Mpeleke akapimwe.