Kwanza Mvuvi, Kisha Maji

Msafiri afikaye Kalemie huliona ziwa limetulia asubuhi, akadhani kila ufuko ni bandari. Nasi tulidhani hivyo. Mwezi wa saba tulishusha mtumbwi karibu na mdomo wa Lukuga, mto pekee uyatoao maji ya Tanganyika kwenda Lualaba. Mvuvi mzee alituonya: “Wanangu, ngojeni, upepo wa kusini waja.” Hatukusikia. Kabla ya saa sita mawimbi yaliujaza mtumbwi. Mwenzetu mmoja hakujua kuogelea. Tulimkokota kwa shati hata nchi kavu. Mzee hakutucheka, alituwashia moto tukajikausha. Tangu siku ile, tukifika ufuko tusioujua, twamtafuta kwanza mvuvi, ndipo twagusa kafi.