Taa ya Ufukoni

Usiku usio na mwezi ndio usiku wa kazi huko Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia. Samaki wadogo waitwao chisense hufuata mwanga wa taa, na wavuvi huwafuata gizani. Nyumba yenye mvuvi hulala nusu: mmoja yu majini, mwingine yu macho.

Askari mmoja mstaafu alisimika taa juu ya mlingoti mbele ya nyumba yake, ili mwanawe apate alama ya kurudia. Taa hiyo ilikuwa na betri ya volti 6 na paneli ndogo ya jua, nayo ilijiwasha yenyewe magharibi. Ndani yake mlikuwa na kompareta, yaani chipu ilinganishayo volti mbili. Volti ya paneli iliposhuka chini ya kipimo kilichowekwa, chipu ilijua kuwa usiku umeingia, ikawasha taa.

Siku moja mzee aliishusha paneli ili aifute vumbi. Nyaya zote mbili zilikuwa nyeusi, naye akazirudisha kinyume. Jioni ile taa haikuwaka, na kijana alikwisha kuingia ziwani. Mke wa mzee hakusema neno. Alikusanya kuni, akawasha moto mchangani, akauchochea mpaka alfajiri mtumbwi ulipogusa ufuko.

Kulipokucha waliipeleka taa kwa fundi wa redio huko Kashikishi. Mzee alishikilia kwamba taa ilikuwa na daiodi ya kuzuia umeme usirudi nyuma.

"Kweli, mzee wangu," fundi alimjibu, "lakini daiodi ile hulinda betri. Mlango wa chipu uliachwa wazi."

Chipu ya aina ya LM393, itumikayo sana katika vifaa vya betri, huvumilia mlangoni mwake hata volti 36 za upande chanya. Upande hasi haitakiwi kushushwa zaidi ya volti 0.3 chini ya sifuri. Ikivuka hapo, njia isiyokusudiwa hufunguka ndani yake. Na mkondo ukizidi miliampia 50, chipu yaweza kuungua. Paneli iliyogeuzwa iliisukumia volti hasi kadhaa bila kizuizi chochote.

Fundi alibadili chipu, akaongeza vitu viwili vidogo. Cha kwanza ni rezista ya omu 10,000 kati ya paneli na mlango wa chipu, ili mkondo usizidi takriban miliampia moja. Cha pili ni daiodi ya Schottky kati ya mlango huo na upande hasi wa betri, mstari wake ukielekea mlango wa chipu. Daiodi hiyo hufunguka mapema, kwenye volti 0.2 au 0.3, ikaupitisha kando umeme ule mbaya. Daiodi ya kawaida ya silikoni hungoja hadi karibu volti 0.6, na mpaka umekwisha kuvukwa.

"Nyaya zikigeuzwa tena, mama, chipu itapona," fundi aliusia, "ila betri haitajaa. Mkiiona taa inawaka mchana, jueni nyaya zimegeuzwa."

Mama alirudi nyumbani, akafunga uzi mwekundu kwenye waya wa chanya. Jioni taa iliwaka. Hata hivyo, kuni zilizosalia hakuzirudisha jikoni. Alizipanga chini ya mlingoti.