Kuulizana Maswali ya Kemia Pwani ya Quiterajo

Mara nyingi tunapojadili uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi, mjadala wetu huishia kwenye istilahi: neno lipi litumike, limetoka wapi, na nani amelikubali. Mjadala huo ni wa haki. Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao sisi walimu wa lugha hatuutazami vya kutosha, nao ni upande wa wanafunzi wenyewe wanapoulizana maswali bila mwalimu kuwapo. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukifuatana na vijana wa kwetu wanaosaidiana katika somo la kemia kwa njia ya simu. Tuliyoyaona yametufundisha kwamba msaada wa aina hiyo hutegemea lugha kabla haujategemea kemia.

Kwetu ni Quiterajo, katika wilaya ya Macomia, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji. Wenyeji wengi wa pwani hiyo ni Wamwani. Lugha yao, Kimwani, ina undugu wa karibu na Kiswahili. Nyumbani kijana husema Kimwani. Akikutana na wafanyabiashara wanaovuka mto Ruvuma husema Kiswahili. Akiingia darasani hukuta Kireno. Kemia, basi, huisoma kwa lugha ya tatu. Sisi tunafundisha lugha, si kemia, na vijana hawa walitualika katika kundi lao ili tuwasaidie kuyaelewa maswali yaliyoandikwa kwa Kireno kigumu.

Kusaidiana huku hakukuanza kwa anasa. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya Cabo Delgado na kuharibu majumba na shule katika wilaya ya Macomia. Kabla majeraha hayo hayajapona, vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 vilifika Quiterajo katika mwaka 2020. Watu wengi wa pwani hiyo walikimbia, wengine kwa mashua hadi Pemba. Madarasa yalitawanyika: mmoja kwa shangazi yake Pemba, mwingine kambini, mwingine hana shule kabisa. Daftari moja lililookolewa lilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na picha hizo zikapita kutoka simu hadi simu. Mtandao ulikatika mara kwa mara, na pesa za vifurushi zilikuwa haba. Kwa hiyo kila swali lililotumwa lilikuwa na gharama yake.

Miongoni mwa maswali hayo tutataja moja, maana ndilo lililotufumbua macho. Swali lilisema hivi: gramu 100 za kalsiamu kaboneti zikichomwa hadi zimalizike kubadilika, zitatoa gramu ngapi za chokaa hai? Haukupita muda, kijana mmoja akajibu: 56. Jibu lilikuwa sahihi. Wote wakanakili, wakashukuru. Siku ya pili likaja swali jingine la namna ileile, ila gramu zilikuwa 250. Kundi zima likanyamaza. Wengine wakaandika tena 56, kana kwamba namba hiyo ni jina la chokaa.

Ndipo akajitokeza binti mmoja ambaye babu yake alikuwa mchoma chokaa. Hakuanza na namba. Alianza kwa kuwauliza wenzake, kwa Kimwani, ni nani aliyewahi kubeba mawe ya matumbawe kuyapeleka kwenye tanuu, kisha akabeba chokaa iliyotoka. Waliowahi wakajibu kwamba mzigo wa kurudi ni mwepesi. "Ndugu zangu," akasema, "uzito uliopungua haukupotea, umetoka hewani." Akaeleza kwamba jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, na kwamba moto mkali, unaokaribia nyuzi 900 za sentigredi, huligawa: sehemu moja hubaki kama chokaa hai, na nyingine huondoka ikiwa hewa ya kabonidayoksaidi. Kwa kila gramu 100 za jiwe, 56 hubaki na 44 huondoka. Basi gramu 250 ni mara mbili na nusu: hubaki 140, huondoka 110, na ukizijumlisha unarudi kwenye 250 zako. Tangu siku hiyo hatukuona tena mtu akiandika 56 mahali pasipo pake.

Tumelifikiri sana jambo hilo. Kijana wa kwanza alitoa jibu, binti alitoa njia. Wote wawili walikuwa na moyo wa kusaidia, na wote wawili walisema kweli. Tofauti yao ilikuwa katika lugha. Wa kwanza alisema kwa namba tupu, isiyoshikamana na kitu chochote anachokijua msikilizaji. Wa pili alipita katika maneno ya nyumbani, tanuu, mzigo na moto, ndipo akafika kwenye mlinganyo wa kitabuni.

Jioni hiyohiyo likazuka swali jingine, ambalo lilikuwa letu sisi watu wa lugha. Kitabu cha Kireno husema *cal viva*, yaani chokaa hai, na *cal apagada*, yaani chokaa iliyozimwa. Kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, kitu kisichowaka kinazimwaje?" Swali hili si la ujinga hata kidogo. Tulimjibu kwamba neno limefuata macho ya mafundi wa zamani. Chokaa iliyotoka tanuuni ikimwagiwa maji huchemka, hufuka mvuke na kupasuka kuwa unga, mithili ya kaa la moto linalomwagiwa maji. Mwenzetu afundishaye kemia akaongeza kwamba hapo hakuna mwako. Maji yenyewe yanaungana na chokaa, na muungano huo ndio utoao joto. Gramu 56 za chokaa hai huchukua gramu 18 za maji na kuwa gramu 74 za chokaa iliyozimwa. Ikisha kupakwa ukutani, chokaa hiyo hurudisha polepole ile kabonidayoksaidi kutoka hewani, ikawa ngumu tena kama jiwe. Hivyo ndivyo zilivyoshikamana kuta za mawe za miji ya pwani yetu, kutoka Ibo hadi Lamu. Vijana waliokuwa wakilikariri neno *apagada* pasipo kulielewa, sasa walikuwa na sababu ya kulikumbuka.

Hapana shaka kusaidiana namna hii kuna hatari yake. Kosa likisemwa kwa ujasiri hupita upesi kuliko ukweli uliosemwa kwa haya. Siku moja ilienea habari kwamba chokaa ni asidi, kwa kuwa inaunguza ngozi. Mmoja wao hakubishana. Alichemsha maua makavu ya choya, akapata maji mekundu, akayagawa katika vikombe viwili. Katika kimoja alikamua ndimu, na wekundu ukazidi. Katika cha pili alitia maji ya chokaa yaliyotuama, na wekundu ukageuka kuwa kijani. Alituma picha ya vikombe vyote viwili, akawaonya wenzake wasiiguse chokaa kwa mikono mitupu wala kuiacha ikaribie macho, kisha akaandika: chokaa ni besi. Ubishi ukaisha. Huo ndio msaada tunaoupenda, kwa sababu aliyepinga alionyesha ushahidi ambao kila mtu angeweza kuutafuta jikoni kwao.

Wapo wazazi na hata walimu wanaosema kwamba kueleza kemia kwa lugha ya nyumbani ni kuwadhoofisha watoto, maana mtihani utaandikwa kwa Kireno. Hofu yao twaielewa. Cheti cha mtihani ndicho kitakachompatia mtoto kazi, hasa mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba na miaka ya masomo. Lakini tuliyoyashuhudia ni kinyume cha hofu hiyo. Walioelewa kwa Kimwani ndio walioweza baadaye kuandika sentensi ya Kireno iliyo yao wenyewe. Wasioelewa walibaki na sentensi ya kitabu, na swali likigeuzwa kidogo tu, sentensi hiyo haikuwafaa tena.

Jambo hili si la Msumbiji peke yake. Tanzania, mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha huikuta kemia ya sekondari kwa Kiingereza. Nako wanafunzi wakikaa chini ya mti huelezana kwa Kiswahili yale wanayoyaandika kwa Kiingereza. Wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili walitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala za elementi zilizoandikwa na wapenzi wa lugha wanaojitolea bila malipo. Vifaa, basi, vipo. Linalopungua ni watu wa kuvifikisha pale swali linapoulizwa.

Ndugu walimu, hapo ndipo ilipo kazi yetu. Tusingoje kuwa wanakemia. Yatupasa kuwafundisha vijana mambo matatu ambayo ni ya lugha tupu. Kwanza, anayeuliza aseme amefika wapi na amekwama wapi, badala ya kutuma picha ya swali na kungoja. Pili, anayejibu aseme kwa nini kabla ya kusema ngapi, na atafute mfano ambao mwenzake amekwisha kuuona kwa macho yake. Tatu, neno la kitaalamu likitumika, lielezwe mara moja kwa maneno ya kila siku, kisha litumike bila woga. Wahenga walisema kuuliza si ujinga; nasi twathubutu kuongeza kwamba kujibu vizuri ni elimu nyingine, yenye kustahili kufundishwa.

Vijana wa Quiterajo walitawanywa na mambo wasiyoyataka, na hata sasa hawajakutana wote. Wapo waliorudi pwani, na wapo ambao bado wako ugenini. Maswali yao yangali yanakuja usiku, mtandao unapokuwa rahisi. Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliye karibu na kundi la namna hiyo asilipite. Ajiunge, asome swali, na amsaidie mwenye kujibu kupata maneno.