Pembea za Serikali

Baba alikuwa mhasibu wa shirika moja la umma Tanga kabla hajahamishiwa New York kushika hesabu katika ofisi ya ubalozi. Mwaka 1986 barua kutoka nyumbani zilikuwa na habari moja: wafadhili wanabana, shilingi inaporomoka, mashirika ya umma yanasemwa vibaya kila kona. Wenzake walimtania kwamba serikali haijui biashara, na mfano wao ulikuwa nchi hiyohiyo tuliyokuwa tukiishi, Marekani ya Rais Reagan.

Tulikuwa tumepanga Mount Vernon. Jumamosi moja ya Julai jirani alituazima gari, tukaenda Playland, kiwanja cha starehe mjini Rye, kwenye ufuko wa Long Island Sound. Baba alilipa maegesho, kisha akaanza kutafuta dirisha la kiingilio. Halikuwepo. Kuingia ilikuwa bure. Tiketi ulinunua za kupandia michezo tu. Mama alifurahi mno, maana hakuwa na nia ya kupanda chochote. “Nimevuka kwa jahazi toka Pangani hadi Unguja na mimba ya huyu,” alisema akininyooshea kidole, “sasa nilipie misukosuko?” Akajikalia kwenye benchi la ufukweni, kanga begani, akiwatazama akina bibi wa Kimarekani waliokaa kama yeye, bila kununua kitu.

Sisi watoto tulikimbilia Derby Racer. Ni farasi wa mbao waliopangwa wanne wanne, lakini usidhani ni wale wa kuzunguka taratibu. Hawa hukimbia kwelikweli, huku kila mmoja akisogea mbele na kurudi nyuma kana kwamba anashindana na mwenzake, na ukisahau kuegemea ndani unahisi unatupwa. Nimepanda vitu vingi tangu siku ile. Hakuna kilichonitisha vizuri namna hiyo.

Baba alikuwa kwenye foleni ya tiketi akimhoji kijana wa dirishani. Mwenye mali ni nani? Kaunti ya Westchester. Ndiyo, lakini kampuni gani inaendesha? Kaunti, mzee. Hata mimi nimeajiriwa na kaunti. Baba alicheka hadi watu wakageuka. “Mama Zuhura!” alipaza sauti kwa Kiswahili. “Hawa wametaifisha pembea!”

Hawakutaifisha; walinunua. Niliyasoma hayo ukubwani. Ufuko ule ulikuwa na viwanja vya starehe vya watu binafsi, na wakazi walichoshwa na ulevi na fujo zake. Kaunti ikanunua ardhi, ikavunja vilivyokuwepo, ikawaita wasanifu Walker na Gillette wachore kiwanja kizima kwa mkupuo mmoja, minara, vibaraza na bustani vifanane. Kilifunguliwa Mei 1928. Mwaka uliofuata likaja gari la reli ya mbao liitwalo Dragon Coaster, linalopanda, kuporomoka, kisha kuingia kwenye kinywa cha joka.

Baba alilipanda akiwa na koti na tai. Alishuka bila kofia yake, na hakutaka kuizungumzia. Mchana uliobaki alizunguka kama mkaguzi: akagusa rangi kwenye mbao, akachungulia mapipa ya taka, akaangalia maua.

Mwaka 1987 kiwanja kilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Baada ya sisi kurudi nyumbani, kaunti ilikuja kukikabidhi kwa mwendeshaji binafsi, na mwaka 2025 ikaanza kukiendesha tena yenyewe. Baba hakuyaona hayo. Yeye alibaki na hadithi yake, na miaka ya tisini, mashirika yalipokuwa yakiuzwa moja baada ya jingine, aliisimulia barazani kwetu Tanga kila palipokuwa na kahawa. Wazee hawakumsadiki. Marekani, serikali imiliki joka la mbao? Jioni moja mzee mmoja, aliyekuwa bwana stoo bandarini, alimtega: “Haya, mhasibu. Lilikuwa likipata faida?”

“Vitabu vyao sikuviona,” alisema Baba.

Baraza zima likaangua kicheko. Mama, aliyekuwa ndani akichambua mchele, akatoa kichwa dirishani. “Vyoo vyao vilikuwa na maji,” akasema.