Kobe Aliyefungwa na Minyoo Yake

Ndugu msomaji, bila shaka nawe umemuona: kobe ametobolewa gamba, kamba imepitishwa pale, amefungwa kwenye mguu wa meza. Nikitembelea familia za wachimbaji ninamkuta mara nyingi, mmoja, wawili, hata watano ndani ya pipa moja. Wengine wanangoja sufuria, wengine ni mchezo wa watoto. Ukimuuliza mwenyewe atasema: "Pasta, huyu hana taabu. Anakula tu, ananyamaza."

Taabu anayo, ila haina sauti. Kobe wa msitu wetu wa Ituri, yule ambaye gamba lake la nyuma linajifunga kama mlango, anatoka porini akiwa na minyoo tumboni. Mingine ni midogo kama vipande vya uzi, inakaa katika utumbo mkubwa hata kwa maelfu, na mara nyingi haimuumizi. Kwa nini? Kwa sababu porini anajisaidia hapa, halafu anakwenda kutafuta uyoga na matunda kule. Mayai ya minyoo yanabaki nyuma.

Sasa umfunge kwa kamba ya mita moja. Analala juu ya mavi yake, unamtupia majani palepale, naye anameza mayai aliyoyatoa siku zilizopita. Minyoo hii haihitaji mbu wala konokono wa kuibeba. Udongo mchafu na mdomo vinatosha. Polepole mzigo uliokuwa mwepesi unakuwa mzito. Anakonda, macho yanaingia ndani, anakataa chakula. Iko na minyoo mingine mikubwa inayoweza kuziba utumbo kabisa. Na ukimtia mgeni wa soko lingine ndani ya pipa lilelile, wote wanagawana magonjwa yake.

Epulu ilijifunza jambo hili kwa mnyama mwingine. Tangu 1952 Wabelgiji walikuwa na kituo cha kukamata okapi pale. Okapi ana minyoo inayokaa katika mifereji ya nyongo, ndani ya ini. Msituni anatembea peke yake, mahali papana; zizini anakanyaga kinyesi chake kila siku. Waliopelekwa Ulaya walisafiri pamoja na minyoo yao. Ndiyo maana wafugaji wa okapi wanaondoa kinyesi kila siku, na majani wanayafunga mafungu na kuyatundika juu, yasiguse udongo. (Usiende leo kutafuta okapi katika mazizi ya Epulu. Tarehe 24 Juni 2012 waasi walishambulia kituo, wakaua watu, na okapi 14 wakafa.)

Mchimbaji, usicheke. Mwaka 1880 wanaume waliochimba handaki la reli la Gotthard, kule Uswisi, walianguka kwa kukosa damu. Walikuwa wakijisaidia mlemle walimofanyia kazi, katika joto na matope, na minyoo ya safura ikapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Shimo lilikuwa pipa lao.

Neno moja ninaomba ulishike sana, juu ya vidonge vya Mectizan vinavyogawiwa vijijini kuzuia upofu wa mto. Kwa watu ni dawa njema. Mtu akibakiza kidonge anaweza kufikiri: ni dawa ya minyoo, nimpe kobe. Hapana! Dawa hiyo inampoozesha kobe na kumuua. Muulize daktari wa mifugo. Dawa nyingine zipo.

Na watoto je? Kobe anayeonekana mzima anaweza kubeba vijidudu vya salmonela vinavyoleta kuhara kukali. Marekani ilikataza tangu 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Basi mikono ioshwe kwa sabuni, na pipa lake lisioshewe mahali mnapooshea sahani.

Kijana mmoja aliniuliza: "Pasta, si nimrudishe tu msituni?" Kama ulimkuta leo njiani, mwache aende zake leo hii. Lakini aliyekaa miezi ndani ya pipa pamoja na wa soko, huyo atawapelekea wenzake wa msituni magonjwa ambayo hawakuwa nayo. Mtenge peke yake, mhamishe mahali mara kwa mara, jua lipige pale alipotoka, na chakula chake kiwe juu ya bamba safi. Kamba, ikate.