Mgonjwa Anapokataa: Wodi za England na za Kenya

Wauguzi Wakenya wanaoajiriwa England hukutana mapema na Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005, ambayo humchukulia kila mtu mzima kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hukataza kumhesabu kuwa hana uwezo kwa sababu tu uamuzi wake hauonekani kuwa wa busara. Uwezo, kwa maana ya sheria hiyo, ni kuelewa maelezo yanayohusika, kuyashika akilini, kuyapima na kueleza uamuzi kwa njia yoyote ile. Mwaka 1993, kabla ya sheria hiyo, Mahakama Kuu ilikwisha kumlinda mgonjwa wa skizofrenia aliyekataa kukatwa mguu wenye gangrini, kwa kuwa aliyaelewa aliyoambiwa.

Mzee mwenye uwezo huo anapokataa kugeuzwa kitandani, ilhali kisigino chake kimeanza kuwa chekundu, dalili ya kidonda cha kitandani kinachosababishwa na mgandamizo unaozuia damu kufika kwenye ngozi, muuguzi hana ruhusa ya kumgeuza kwa nguvu. Hutakiwa amweleze hatari iliyopo na amuulize sababu, kwani huenda nyonga inamuuma, na hapo dawa ya maumivu ikitangulia, au mto ukiwekwa chini ya mguu ili kisigino kisiguse godoro, mzee aweza kukubali. Anayeandika tu kwenye faili kwamba mgonjwa amekataa, kisha akaenda zake, hajaheshimu uamuzi wa mtu, amemtelekeza.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo humtaka mhudumu amjulishe mgonjwa haki yake ya kukataa matibabu pamoja na madhara ya kukataa, kwa hiyo tofauti kubwa haimo katika maandishi bali wodini, ambako mgonjwa anayekataa mara nyingi hukaripiwa, na jamaa wakaitwa kando ili ridhaa, yaani kibali cha kutibiwa, itolewe nao. Uchache wa wauguzi huchangia, na jamaa ndio walipaji. Kuwafukuza jamaa hao kungekuwa kosa, maana binti ndiye ajuaye kwa nini mama yake anaogopa sindano. Lakini mama mwenye akili timamu asisemewe. Mazungumzo na jamaa yafanyike mbele yake, kwa lugha anayoifahamu vizuri, na jibu lisubiriwe kutoka kwake, hata ikibidi aulizwe tena jioni maumivu yakishapungua.